Robo Mzunguko wa Nati

Aline na Mwajuma,

Mliniomba niwaandikie namna ya kukitunza chumba cha viatu sasa kwa kuwa nimestaafu. Orodha ya dawa za kupuliza ndani ya viatu iko ukutani, grisi iko kabati la chini, na soksi zilizosahauliwa na watoto ziko kwenye ndoo ya bluu, hakuna atakayezirudia. Hayo hayahitaji barua. Nawaandikia yale yasiyobandikwa ukutani.

Mnajua kwamba shule niliacha darasa la sita. Baba na mama walifariki Korogwe ndani ya mwaka mmoja, wakatuacha watoto watano, mimi mkubwa nikiwa na miaka kumi na mitano na Zawadi, kitinda mimba, akiwa na siku arobaini. Jirani yetu alikuwa fundi baiskeli. Alianza kwa kuniruhusu nifagie, halafu nizibe pancha, halafu siku moja akanipa gurudumu la nyuma na gololi zake kwenye kopo la maziwa, akasema, "Ukimaliza zisibaki gololi kwenye kopo." Zilibaki mbili. Nikalifungua tena. Kwa kazi hiyo wadogo zangu wanne walisoma, na Elia, anayenifuata, akafika hadi Texas. Akapata kazi uwanja wa ndege, akapanga nyumba katika mji wa Euless, na mwishoni mwa miaka ya tisini akanileta huku. Miaka michache baadaye tukamleta Zawadi, akaishi na mimi hapa Garland na kufanya kazi ghalani.

Siku yangu ya kwanza katika ukumbi huu wa viatu vya magurudumu sikuja kutafuta kazi. Nilimleta binti wa Elia kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake. Kiatu alichokodi kililia kama panya aliyebanwa mlangoni. Nilimkalisha kwenye benchi, nikakigeuza juu chini, nikazungusha gurudumu kwa kidole.

"Beringi zimekauka," nikamwambia.

"She says it's dry," mtoto akamwambia mzee aliyekuwa nyuma ya kaunta.

Mzee huyo alikuwa Bwana Harlan, Mtexas mwenye vidole vinene kama mihogo. Aliyatengeneza magurudumu ya ukumbi huu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alinitazama, akaitazama sketi yangu ya kanisani, akanisukumia spana juu ya kaunta. Nilipomaliza alizungusha gurudumu, akasikiliza, akazungusha jingine. Kisha akauliza kama naweza kuja Jumatatu. Kiingereza changu wakati huo kilitosha kusema naweza.

Alinifundisha kazi kwa maneno machache. Kiatu kimoja kina magurudumu manne, kila gurudumu lina beringi mbili na nati moja. Nati ikilegea mno gurudumu linayumba. Ikikazwa mno inazibana beringi, na gurudumu linakataa kukimbia. Kati ya hayo mawili kuna robo mzunguko tu wa spana, na robo hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote ni kufuta jasho la watu wengine.

Na alikuwa na sharti moja. Kila kiatu kilichoguswa kilifungwa kikaratasi kwenye kamba yake, kikaandikwa kimefanyiwa nini na nani. Viatu vya kukodi vilikuwa na vikaratasi, na viatu vya watu binafsi vilikuwa na vikaratasi, hata kama kilichofanyika ni kufuta vumbi. Mimi niliona ni usumbufu. Nikamuuliza siku moja kwa nini.

"Mtu akivaa kiatu," alisema, "amekupa miguu yake bila kukuuliza swali. Kikaratasi ni jibu."

Mnaona nimeandika hapo juu kama mtu aliyeielewa kanuni hiyo siku ile ile. Sikuielewa. Nilichukua miaka minane kuielewa, na aliyelipia masomo yangu ni mdogo wangu.

Wanawake wa timu walikuja katikati ya miaka ya elfu mbili, Jumapili moja alasiri baada ya watoto kuondoka. Walikuwa kumi na wawili hivi, wenye michoro mikononi, kofia ngumu, pedi za magoti, na soksi ambazo nisingemruhusu mtu wa nyumbani kwangu avae hata ndani ya nyumba. Walitaka kukodi sakafu kwa mazoezi ya mchezo wao wa viatu vya magurudumu. Kiongozi wao aliitwa Denise. Mchana alikuwa karani wa ofisi ya daktari wa meno. Uwanjani alikuwa na jina ambalo kwa Kiswahili ningeliita Kisago, na ukimwona akija huulizi kwa nini.

Bwana Harlan alininong'oneza, "Watauana humu, halafu wanishtaki mimi."

Mchezo wenyewe niliuelewa polepole. Timu mbili zinazunguka njia ya duaradufu, na kila timu ina mtu mmoja mwenye nyota kwenye kofia. Mwenye nyota anapata pointi kwa kila mpinzani anayempita. Waliobaki kazi yao ni kumzuia kwa mabega na nyonga, na kumfungulia njia wa kwao. Njia tuliichora kwa kamba nyembamba iliyofunikwa na tepu, ili mchezaji aisikie kwa gurudumu bila kutazama chini. Kuilaza kamba ile ilikuwa kazi yangu, na kuibandua bila kuchuna rangi ya mbao ilikuwa kazi yangu pia. Tumieni maji ya uvuguvugu na subira, msitumie kisu.

Siku ile ya kwanza mmoja wao alianguka vibaya, akashika kifundo cha mguu. Filimbi ikalia, na wanawake wote, wa pande zote mbili walizojigawa, wakapiga goti moja sakafuni, kimya. Mimi nikaona, Bwana asifiwe, kumbe ni watu wa sala. Nikapiga goti nyuma ya kaunta, nikafumba macho, nikamwombea yule dada kwa sauti, kwa Kiswahili, mpaka amina. Nilipofumbua macho alikuwa ameshasimama, na wote wananitazama.

"Mama, ni desturi tu," Denise alisema. "Mwenzako akiumia unapiga goti mpaka ainuke."

"Basi imefanya kazi," nikamjibu.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu siku hiyo waliniingiza katika mambo yao. Waliniuliza kwa lugha yetu mtu kama mimi anaitwaje, nikasema fundi, na baada ya mwezi wakaniletea fulana nyeusi iliyoandikwa FUNDI mgongoni. Mimi niliyeacha shule darasa la sita sijawahi kupewa cheti. Fulana ile niliikunja nikaiweka kwenye sanduku la nguo za kanisani.

Zawadi alikuwa akija kunichukua na gari, kwa sababu mimi nilichelewa kujifunza kuendesha. Alikuwa akisubiri kwenye benchi, na mimi nilidhani anasubiri tu. Kumbe alikuwa anatazama. Wiki moja nikapokea viatu vya kubadilisha beringi, namba sita, na kwenye kikaratasi jina la mwenye viatu limeandikwa Pilipili. Nikamtazama Bwana Harlan. Bwana Harlan akatazama dari. Nani mwingine Garland nzima angejiita Pilipili?

Nilimsubiri nyumbani na viatu mezani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hivi we Zawa, unajua una miaka mingapi?"

"Thelathini na tano. Si wewe ndiye uliyeihesabu yote?"

"Usinifanyie mzaha. Mama alikuacha mikononi mwangu una siku arobaini..."

"...hujaota hata jino," akamalizia. "Dada, naijua. Naisikia kila Krismasi. Nimechoka kubeba maboksi na kulala. Pale nikianguka, watu kumi wananipigia goti. Wewe mwenyewe unawapenda!"

"Nawapenda wao. Wewe nimekulea."

Mtu mzima humfungii mlango. Nikamsogezea viatu vyake, naye akadhani nimekubali.

Akawa mzuri. Nasema hivi kama fundi, si kama dada. Alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi wa kugeuka, na baada ya miezi kadhaa Denise alimpa nyota. Ndipo ikapangwa mechi ya Houston. Timu ya Houston ilikuwa na msichana mmoja mrefu ambaye wetu walimtaja kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja homa.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kuondoka, viatu vyote vya timu viliwekwa mezani kwangu. Nilivikagua kimoja kimoja na kuvifunga vikaratasi. Vya Zawadi niliviacha vya mwisho. Magurudumu yake yalikuwa mazuri, yalizunguka muda mrefu na bila sauti. Nikayaangalia yanavyokimbia, nikamfikiria yule msichana mrefu. Nikachukua spana, nikakaza nati zote nane, robo mzunguko kila moja.

Nisiwafiche, haikuwa mara ya kwanza kufanya hivyo. Zawadi alipokuwa na miaka saba nilimtengenezea baiskeli kutoka vyuma chakavu, na nilibana breki ili mpira uguse ringi wakati wote, asije akateremka mlimani kwa kasi. Alikua akiamini kwamba baiskeli zote ni nzito. Nilijivunia ujanja ule. Mtu anayekwenda polepole, niliamini, haumii.

Vya Zawadi sikuvifunga kikaratasi.

Tulisafiri kwa magari matatu. Njia nzima walikula bisi na kutaniana, na mimi nikiwa na fulana yangu ya FUNDI nikashangiliwa kila tuliposimama kujaza mafuta. Houston tulimkuta rafiki yangu Mama Furaha, Mkongo kutoka Uvira anayekaa mtaa wa Alief, ambaye ndiye angetulaza mimi na Zawadi. Alikuja uwanjani na kitambaa chake kizuri kichwani, akaketi kando yangu.

"Mama, hii ni muchezo ao ni vita?" akauliza baada ya dakika mbili.

"Ni mchezo."

"Basi sitaki kuona vita yao."

Kipindi cha pili Zawadi alipewa nyota. Akapenya katikati ya wazuiaji kama samaki, akatoka mbele, na njia ikawa wazi kabisa. Hapo ndipo anayekimbia anakimbia. Nilimwona akisukuma mguu, anasukuma tena, na haendi. Mtu mwingine yeyote uwanjani angesema amechoka. Mimi niliyaona magurudumu. Yule msichana mrefu alimfikia kutoka ndani ya kona, akampiga bega lililo halali kabisa, na Zawadi akaruka nje ya kamba akaangukia upande wa kulia.

Filimbi ililia. Nikasikia magoti yakigonga sakafu, mmoja baada ya mwingine, ya Houston na ya kwetu. Mimi sikupiga goti. Nilibaki nimesimama peke yangu kati ya watu wote wale, maana sikujiona nina haki.

Mfupa wa mtulinga, kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika. Hospitalini walimfunga mkono kifuani wakamruhusu jioni ile ile. Kwenye gari aliegemeza kichwa kwenye kioo.

"Usiogope, dada," akasema. "Hakuna mwenye kosa. Miguu yangu tu leo ilikuwa mizito. Umri huo. Labda ulisema kweli."

"Nilisema nini?"

"Kwamba si mchezo wa mtu kama mimi. Nitamwambia Denise nimeacha."

Hapo nilikuwa nimepata kila nilichokitaka. Zawadi alikuwa hai, mfupa ungepona, na hangerudi tena uwanjani. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza ninakuweza. Nilimlea mtu miaka thelathini na tano hadi siku hiyo, na sasa ningemwacha aishi akiamini miguu yake ni mibovu.

Asubuhi, wakati Zawadi bado amelala, niliketi kwenye meza ya jikoni ya Mama Furaha na vile viatu mbele yangu. Yeye alikuwa anatwanga sombe, yaani kisamvu, kabla ya kwenda kanisani. Nilimweleza yote. Aliacha kutwanga.

"Mukubwa," akasema, "yule mutoto ulishamulea, alishakomaa. Sasa muachilie akimbie. Na umwambie."

"Ataniacha."

"Pengine. Lakini umwambie."

Nilikuwa na vikaratasi vichache kwenye mkoba. Nikaandika kimoja: Nati zote nane zimekazwa kupita kiasi, makusudi. Nimekaza mimi, dada yako. Miguu yako ni mizima. Nikakifunga kwenye kamba ya kiatu cha kulia, nikaviweka viatu karibu na godoro lake, nikaenda kusimama barazani kama mshtakiwa.

Alitoka baada ya muda, kikaratasi kikiwa mkononi. Uso wake sikuutambua.

"Kwa nini?"

"Ili usiende mbio."

"Dada, pale anayekwenda polepole ndiye anayepigwa!" Akakikunja kikaratasi. "Ulisimama ukaniangalia."

Kurudi Garland alipanda gari jingine. Jioni ile Elia alikuja kumchukua na sanduku lake, akahamia Euless.

Jumanne nilimweleza Denise mbele ya timu nzima. Kiingereza changu siku hiyo kilinitosha pia, sijui kilitoka wapi. Mmoja wao akasema kutoka nyuma, "Fundi, ungekaza za Houston tungeshinda." Wachache wakacheka. Denise hakucheka.

"Kuanzia leo," alisema, "kila mtu anazungusha magurudumu yake mbele yangu kabla ya kuingia. Na Fundi hagusi kiatu bila mwenyewe kusimama hapo. Kama anabaki au anaondoka, hilo si langu. Ni la Pilipili."

Nilirudi kwenye chumba cha viatu. Bwana Harlan, ambaye alikuwa amesikia yote, aliweka boksi zima la vikaratasi vipya mezani kwangu, akaenda kula sandwichi yake. Hakuniambia neno hata siku moja juu ya jambo lile. Amefariki sasa, na nikikumbuka ukimya ule bado namshukuru.

Zawadi hakusema nibaki wala niondoke. Alianza kuja kwenye mazoezi mkono ukiwa bado umefungwa, akakaa benchi na kushika saa ya kuhesabia. Alinipita kwenye kaunta kila wiki. "Hi," aliniambia, kama anavyomwambia mtu wa posta. Toka aanze kusema, mdogo wangu alikuwa hajawahi kuniona asubuhi asiniamkie. Miezi minne nilipewa "hi", nikaipokea, maana ilikuwa haki yangu. Nikaendelea na kazi. Nililaza kamba, nikabandua kamba. Wale wanawake walikuja na viatu vyao, wakasimama mbele yangu kama Denise alivyoagiza, na kwa kuwa walilazimika kusimama wakaanza kuongea. Hapo ndipo nilipowajua hasa. Nilijua nani anasomesha watoto peke yake, nani ameachwa, nani anaogopa kuanguka na anaficha kwa kupiga kelele. Kabla ya hapo nilijua magurudumu yao tu. Adhabu yao ilinipa marafiki, na baadhi yao ndio walionifundisha kuendesha gari, mmoja wao akiwa amefumba macho.

Jumapili moja mwisho wa mwaka nilikuwa nimeinama natafuta nati iliyoangukia chini ya meza. Nikasikia viatu vikiwekwa juu ya kaunta, magurudumu juu. Nikainuka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mdogo wangu. Unataka nifanye nini?"

"Zilegeze. Zote nane. Na uniandikie kikaratasi."

Nikachukua spana. Alisimama pale pale akitazama mikono yangu, hakupepesa macho. Nilipofika nati ya tano akauliza, "Na ile baiskeli?"

"Baiskeli gani?"

"Dada."

"Na ile pia," nikasema.

Alifunika mdomo kwa mkono. Nilidhani analia, lakini alikuwa anacheka, anacheka huku akishika ule mtulinga uliopona, mpaka Denise akageuka kutuangalia. "Miaka yote ile," alisema, "miaka yote nikipanda kile kilima cha shule nikidhani mimi ni mvivu!"

Kile kikaratasi cha Alief aliniachia. Ndicho kinachoning'inia kwenye msumari juu ya meza yenu, kimefifia, na sasa mnajua kwa nini. Kiacheni hapo.

Nilimaliza nati ya nane, nikaandika, nikafunga kamba. Kisha nikakigeuza kiatu magurudumu juu, na Zawadi akanyoosha kidole akazungusha gurudumu mwenyewe. Tulilitazama wote wawili, hatukuligusa, mpaka liliposimama lenyewe.